Mkewe anaoka keki za asali, yeye ana kisukari

Kijiko kilikuwa kimeshafika nusu ya safari. Kilijaa embe lililopondwa na kuchanganywa na tui la nazi na iliki, na mume alikuwa ameshafungua mdomo kama alivyofanya kila msimu kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yao. Ndipo mke akakumbuka. Akakirudisha kijiko kwenye bakuli taratibu, kama mtu anayerudisha rafuni kitu alichokishika kabla ya kuona bei. Hakuna aliyesema neno. Nje, mapacha wao wa miaka minane walikuwa wanagombania kokwa.

Ilikuwa Novemba, wiki ya maembe ya kwanza. Siku chache kabla ya hapo, Novemba 14, ambayo ni Siku ya Kisukari Duniani, wahudumu wa afya walikuwa wameweka meza chini ya mwembe na kupima watu bure. Alienda kwa sababu foleni ilikuwa fupi na alikuwa anasubiri pikipiki. Kidole kikatobolewa, mashine ikasoma 17.2. Akaambiwa arudi kesho yake asubuhi kabla ya kutia chochote kinywani. Ikasoma 11.8.

Kwa wasiozoea namba hizi: mtu ambaye hajala usiku kucha na hana kisukari kwa kawaida husoma chini ya 6.1. Kuanzia 7.0, kipimo kikirudiwa na kikathibitika, huo ni ugonjwa. Yeye alikuwa amepita mbali. Na dalili alikuwa nazo tangu Septemba: kiu isiyokatika, kuamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, macho kuona ukungu. Yote aliyasingizia joto. Oktoba ya Tabora inaweza kusingiziwa mambo mengi.

Wanaishi Kigwa, wilayani Uyui, mashariki mwa Tabora mjini. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, hapa palikuwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe. Ilipeleka nguo na shanga bara, ikarudi pwani na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Stanley naye alipita Kigwa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wazee husema miembe mikubwa ya Tabora ni kumbukumbu ya safari hizo. Kwa watoto wa leo ni miti ya kurushia mawe, na kwa mke wa huyu bwana ni duka lisilo na kufuli.

Mama huyu anatengeneza keki na vitamutamu. Alijifunza mjini Tabora kabla ya kuolewa, akafanya kazi miaka miwili jikoni katika hoteli, kisha akarudi nyumbani. Mwanzoni alioka kwa sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya mfuniko. Sasa ana jiko la gesi lenye oveni, amelilipia kidogo kidogo kwa keki za mahafali na kipaimara. Ila fahari yake si keki hizo. Fahari yake ni vitu vya msimu. Maembe yakija, anatengeneza vikombe vya embe. Karanga mpya zikivunwa, kashata. Ramadhani, visheti na kaimati kwa majirani wanaofunga. Kiangazi, viazi vitamu vinapokaushwa, anachukua matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa kisha vikaanikwa juani, anaviloweka na kuvitia kwenye keki. Na ifikapo Juni na Julai, asali.

Asali inatoka kwa mumewe. Ni mrina asali kama baba yake, ana mizinga katika msitu wa miombo, mingine ya magome ya kienyeji, mingine ya mbao. Kwa hiyo biashara ya mke ilisimama juu ya vitu viwili vya mume: mizinga yake na ulimi wake. Hakuna kilichotoka jikoni bila kupita kwanza mdomoni mwake. Yeye ndiye aliyesema kashata za mwaka fulani zimeungua kidogo na zirudiwe. Yeye ndiye aliyesema keki ya asali ikae siku mbili kabla ya kuuzwa kwa sababu siku ya kwanza haijatulia. Alisema kweli, na wateja wakathibitisha.

Watu wa nje wanaweza kuona hilo ni jambo dogo. Lakini wanandoa wengi hawana maneno mengi ya mapenzi. Wana vitendo viwili vitatu wanavyorudia mpaka vinakuwa lugha. Kwa hawa wawili, kijiko kile ndicho kilikuwa lugha. Na sasa kilikuwa kimeondolewa mezani na mashine ya kupimia sukari.

Miezi mitatu ya kwanza alikuwa mgonjwa wa mfano. Alimeza metformini bila kukosa. Ugali ulipungua ukawa kama ngumi, mboga za majani zikachukua nusu ya sahani, chai ikanywewa kavu. Kwenye daftari la kliniki namba zilishuka: 9.4, 8.1, 7.3. Mke alipooka, yeye alitoka kwenda kukaa kwa jirani ili harufu isimsumbue. Mke akaanza kuwaonjesha mapacha, lakini watoto si waonjaji. Kila kitu kwao ni kitamu, na kikiisha wanataka kingine.

Kuanzia Aprili namba zikageuka. 8.8, 9.9, kisha Mei 12.3.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Sukari aliiacha kweli, lakini asali hakuiacha. Katika stoo yao kuna madumu ya asali, na kila jioni alipoingia kuyakagua alitoka akijifuta mdomo. Vijiko viwili, vitatu, wakati mwingine kipande cha sega. Kashata za karanga zilipoanza, alimega na hizo, kwa sababu mkewe huzitengeneza kwa asali. Pacha mmoja, aliyeona baba hapewi kitu, alianza kumletea kashata moja iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Baba aliila. Angewezaje kuikataa? Mtoto alisimama pale akimwangalia anavyotafuna.

Mwenyewe hakujiona mwongo. Aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba asali si sukari. Asali ni dawa. Ilimkuza, ilimponya kikohozi, babu yake aliila maisha yake yote akafa mzee. Na daktari alisema aache sukari, hakutaja asali.

Hapa inabidi kusema wazi, hasa kwa ukanda ambao asali ni jina na ni kipato. Asali safi kabisa, ya msituni, isiyochanganywa na chochote, karibu asilimia 80 yake ni sukari. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Kijiko kimoja kikubwa kina kama gramu 17 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaiweka asali kundi moja na sukari ya mezani na sukari ya kwenye juisi, na linashauri sukari za kundi hilo zisizidi asilimia kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana asilimia tano, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Vijiko viwili vya stoo vilishapita hapo. Asali ina ladha na ina vitu vingine vidogo vizuri, hakuna anayebisha. Lakini damu haiulizi sukari imetoka kiwandani au imetoka kwenye mzinga.

(Na kwa kuwa tumeigusa: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali kabisa, hata tone la kulambishwa na bibi siku ya kwanza. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ya kupumua.)

Kliniki walipoona 12.3 walimuuliza kama kuna kitu amebadilisha kwenye chakula. Akasema hapana. Walifanya ambacho mtaalamu yeyote angefanya akiambiwa hivyo: wakaamini dawa moja haitoshi, wakamwongezea ya pili, glibenklamidi. Dawa hii hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi. Inafanya kazi yake vizuri, lakini ina sharti moja ambalo metformini ikitumika peke yake kwa kawaida haina: ukiimeza ni lazima ule. Usipokula, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Alielezwa. Aliitikia. Hakumwambia mkewe.

Mwishoni mwa Juni alitoka nyumbani alfajiri na baiskeli kwenda msituni na wenzake wawili. Alimeza vidonge vyote kwa chai kavu na kipande kidogo cha muhogo, kwani alikuwa na haraka. Walikagua mizinga, wakarekebisha miwili iliyoangushwa na nyegere, muda ukapita. Chakula cha mchana kilikuwa kwenye mfuko wa mwenzao aliyechelewa. Saa nane hivi akaanza kutokwa jasho, na haikuwa jasho la jua. Mikono ikatetemeka. Moyo ukawa unakimbia. Mwenzake alimuuliza kamba iko wapi, naye akajibu kitu kuhusu treni. Kisha akakaa chini kando ya mti, akashindwa kunyanyuka.

Waliokuwa naye walidhani ni malaria imempanda kichwani. Mmoja, ambaye shangazi yake ana kisukari, akakumbuka kitu. Alimuuliza kwanza kama anaweza kumeza, akaona anameza mate vizuri, akamlisha asali kutoka kwenye sega, kidogo kidogo. Baada ya kama dakika kumi jasho likakauka. Akauliza mwenyewe kamba iko wapi. Chakula kilipofika akala, wakamsindikiza nyumbani wakisukuma baiskeli.

Yule kijana alifanya sawasawa, hata kama hakujua maelezo yake. Mtu wa kisukari akitetemeka, akitoka jasho na kuanza kuchanganyikiwa huku bado anaweza kumeza, anapewa sukari ya haraka kama gramu 15: kijiko kikubwa cha asali, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Unasubiri dakika 15. Kama hajarudi sawa, unarudia. Akirudi sawa anakula chakula kamili. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, kitampalia. Mlaze ubavu na kumkimbiza hospitali.

Alifika nyumbani na hadithi ya ushindi.

"Mama Mapacha, si nilikwambia? Asali imeniokoa. Hiyo hiyo wanayoikataza."

Mke hakushangilia. Aliuliza maswali. Dawa gani hiyo ya pili? Tangu lini? Kwa nini waliongeza? Mpaka usiku wa manane yote yalikuwa yameshatoka, pamoja na stoo, kashata na karatasi za daftari. Pacha aliyekuwa akimletea kashata alisikia kutoka chumbani, akaanza kulia, akidhani ndiye aliyemwangusha baba msituni.

Kesho yake mama alizima jiko. Hakuliuza, hakuvunja kitu, aliliacha tu bila kuliwasha. Ilikuwa msimu wa asali, wakati ambao kipato chao ni kikubwa kuliko miezi mingine yote ukiondoa Desemba. Oda mbili za keki alizirudishia pesa za watu. Majirani wakauliza, akajibu kwamba anapumzika. Siku kumi na tatu nyumba haikunukia kitu. Alisema jambo moja tu, mara moja, na mumewe analikumbuka mpaka leo: "Siwezi kuwa mtu anayekuuza wewe ili alipe ada."

Mume aliona aibu mara mbili, ya kusema uongo na ya kumfanya mwenzake aamini kwamba kazi ya mikono yake ni sumu. Siku ya kumi na nne alimwomba waende kliniki pamoja. Hajawahi kumwomba hivyo kabla. Wanaume wengi huenda kliniki za kisukari peke yao, na wanarudi nyumbani na nusu ya maelezo.

Muuguzi aliwasikiliza wote wawili, akaligeukia lile la msituni. Alimuuliza mume asali ilimnyanyua kwa muda gani.

"Kama dakika kumi."

"Basi hiyo ndiyo kazi yake, baba. Hata siku ambayo hujaanguka inafanya kazi hiyo hiyo, kwa dakika hizo hizo. Inakunyanyua kutoka saba mpaka kumi na mbili."

Hilo lilimwingia kuliko mabango yote yaliyobandikwa ukutani. Kitu alichokitumia kama ushahidi wa kuitetea asali kilikuwa ndicho ushahidi dhidi yake. Daktari aliposikia ukweli wa chakula alipunguza dozi ya dawa ya pili, akataka arudi baada ya wiki mbili na vipimo vya asubuhi. Mke naye aliuliza lake: nyumba yenye mgonjwa wa kisukari inaweza kuwa na jiko la keki? Akajibiwa kwamba kisukari hakiambukizwi na harufu. Mgonjwa anaweza kuonja. Tatizo ni kula kwa siri, bila kipimo, na tumbo likiwa tupu.

Wakaweka utaratibu wao. Ufunguo wa stoo ukahamia kwa mke, kwa ombi la mume. Kuonja kunafanyika baada ya chakula cha mchana chenye mboga na maharage, na siku hiyo ugali unapungua. Ni kijiko kimoja cha chai, si sahani. Saa mbili baadaye anapima, na namba inaandikwa pembeni ya mapishi, kwenye daftari lile lile la mapishi. Baba mwenyewe alimkalisha pacha aliyelia, akamweleza kwamba kashata yake haikumwangusha mtu, ila kuanzia sasa zawadi ziwe karanga za kukaanga bila kitu.

Jiko likawashwa Julai katikati. Na hapo ndipo vitamutamu vipya vilipoanza, si kwa mpango wa afya bali kwa ukaidi wa mpishi ambaye hakutaka mwonjaji wake mkuu aonje kijiko kimoja cha kitu kisichostahili. Alipunguza asali kwenye keki mara tatu, kila mara wakiangalia inapoharibika. Robo ilipotoka hakuna aliyegundua. Nusu ilipotoka keki ikawa kavu, akarudi kwenye robo na kuongeza yai. Keki ya matobolwa aliiondolea sukari yote, akatia karanga zilizosagwa, kwa sababu kiazi chenyewe kina utamu. Muuguzi aliwatahadharisha kwamba kiazi kitamu nacho ni wanga na sukari itapanda tu, kwa hiyo kipande ni kidogo. Agosti alijaribu ukwaju uliopikwa na tangawizi na asali kidogo sana. Mume alikunja uso, akasema haujafika bado. Haujafika hadi leo.

Si wateja wote walifurahi. Mmoja aliirudisha keki ya asali akisema siku hizi mama anabana matumizi. Kwa hiyo keki za sherehe zimebaki tamu kama zamani, maana hakuna mzazi anayelipia keki ya kipaimara ili aletewe somo la lishe. Lakini vikombe vya msimu vimebadilika, vimekuwa vidogo kuliko awali, na ajabu ni kwamba vinaisha mapema zaidi.

Msituni sasa anakwenda na chakula chake mwenyewe, kimefungwa na mkewe, na kichupa kidogo cha asali kimefungwa kwenye kiti cha baiskeli kwa mpira. Juu yake mke ameandika kwa kalamu nene: DAWA, SI YA KUONJA. Mpaka maembe yanarudi kilikuwa hakijafunguliwa.

Na maembe yalirudi. Novemba hiyo mke alitengeneza vikombe bila sukari hata chembe, embe lililoiva sana, tui na iliki tu. Kikombe kimoja cha vipande vya embe kina kama gramu 22 za sukari yake yenyewe, kwa hiyo kipimo kilikuwa kile kile, kijiko kimoja. Walimaliza kula ugali, mlenda na maharage. Mapacha wakatumwa dukani ili pawe na utulivu. Akachota, akanyoosha mkono, na safari hii kijiko kilifika.

Mume alikaa nacho mdomoni muda mrefu, macho ameyafumba, kama zamani.

"Iliki imezidi," akasema.

"Haijazidi."

"Imezidi, Mama Mapacha. Embe halisikiki."

Mke akaonja mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akaonja tena, kisha akavuta daftari na kufuta punje tatu, akaandika mbili. Saa mbili baadaye, pembeni ya mstari huo, mume akaandika 8.2.